Mercia ya Offa: tarehe zinazogongana, haidi 30,000, dinari yenye shahada, na kwa nini Wessex ndiyo iliyobaki

Mdadisi77

Wakuu, salaam. Naomba tuujadili ufalme wa Mercia, ule wa katikati ya Uingereza, bonde la mto Trent, wenye Tamworth, Lichfield na Repton. Vitabu vingi vinaruka kutoka kuondoka kwa Warumi hadi kwa Alfred wa Wessex (ufalme wa kusini-magharibi), Mercia inapitiwa juu juu tu. Ilhali tangu Æthelbald (716–757), akaja Offa (757–796), hadi Coenwulf (796–821), kusini mwa mto Humber hakukuwa na mfalme wa kushindana nao.

Yanayonitatiza ni haya. Kwanza tarehe: chanzo kimoja kinasema Offa alifariki 794, kingine 796, vita vya Ellendun (pale Wessex ilipoishinda Mercia) mara 823, mara 825. Tushike ipi? Pili, Mercia inatajwa kuwa na "haidi 30,000". Haidi ni eneo, ni watu au ni kodi? Tatu, kuna picha inazunguka mitandaoni ya sarafu ya dhahabu ya Offa yenye shahada kwa Kiarabu, na watu wanadai mfalme huyo alisilimu. Nne, na hili ndilo kubwa: kama Mercia ilikuwa na nguvu kiasi hicho, ilikuwaje Wessex ndiyo ikaja kuiunganisha Uingereza?

Anayejua aweke na namba tafadhali.

Kitabu_Wazi

Mkuu Mdadisi, nichukue la tarehe, maana hilo likikosewa mengine yote yanapinda.

Mercia haikutuachia tarihi yake yenyewe ya karne ya 8. Tunachosoma kimeandikwa na majirani, na wengi wao walikuwa mahasimu. Beda alikuwa mtawa wa Northumbria, ufalme wa kaskazini ya Humber, akamaliza historia yake mwaka 731. Yeye ndiye anayetuambia kwamba wakati anaandika, majimbo yote ya kusini hadi Humber yalikuwa chini ya Æthelbald. Lakini Beda huyo huyo anamtazama Penda, mfalme aliyeiinua Mercia, kwa jicho la mtu aliyeuliwa wafalme wake wawili: Edwin pale Hatfield mwaka 633, na Oswald pale Maserfield mwaka 642. Penda mwenyewe aliuawa kando ya mto Winwæd tarehe 15 Novemba 655, akiwa bado hajabatizwa. Baada ya Beda tunategemea Tarihi ya Waanglo-Saksoni, iliyokusanywa Wessex zama za Alfred, mwanzoni mwa miaka ya 890. Yaani historia ya Mercia imeandikwa na waliopigana nayo, kisha na waliorithi mali yake.

Sasa kasoro yenyewe. Kuanzia miaka ya 750 hadi miaka ya 840, tarehe za Tarihi zimerudi nyuma miaka miwili, pengine mitatu. Kosa liliingia wakati wa kunakili, na nakala zote zilizofuata zikalirithi. Ndiyo maana kifo cha Offa kimewekwa 794, wakati kuna barua aliyoandikiwa na Charlemagne, mfalme wa Wafranki, mwaka 796 Offa akiwa hai. Sinodi (baraza la kanisa) ya Chelsea imewekwa 785, ni 787. Vita vya Otford huko Kent vimewekwa 773, ni 776. Ellendun imewekwa 823, ni 825.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote uko mbinguni. Chini ya mwaka 827 Tarihi inasema mwezi ulipatwa usiku wa Krismasi, na mwaka huo huo Ecgberht wa Wessex akaiteka Mercia. Ukipiga hesabu za falaki, kupatwa huko kulitokea tarehe 25 Desemba 828. Na kwa kuwa mwaka wao haukuanzia tarehe 1 Januari, usiku ule walikuwa wameshauhesabu ndani ya 829. Basi 827 ya kitabuni ni 829 ya kweli: pengo la miaka miwili kamili, limepimwa kwa kitu ambacho mnakili hawezi kukibadilisha.

Kanuni ya kazi: tarehe ya Tarihi kati ya 754 na 845, ongeza 2. Ikiwa bado inagongana na hati au barua za Wafranki, jaribu 3. Nje ya kipindi hicho usiongeze kitu. Na kabla ya kuongeza, soma utangulizi wa toleo ulilo nalo. Matoleo mengi ya kisasa yameshasahihisha na kuweka tarehe sahihi pembeni. Ukiongeza tena juu yake utamzika Offa mwaka 798, na makosa ya namna hiyo yamejaa mitandaoni.

Shamba_na_Ghala

Nichukue la haidi.

Haidi ni ardhi inayotosha kuikimu kaya moja. Ndivyo Beda anavyoihesabu, kwa kaya. Ni kipimo cha kutoza na cha kugawia wajibu, si kipimo cha kamba. Haidi ya bondeni kwenye udongo mzito wenye rutuba ni ndogo kwa eneo kuliko haidi ya kwenye vilima. Karne za baadaye waandishi waliikadiria ekari 120, lakini hata hapo ilibadilika kutoka wilaya hadi wilaya. Kwa hiyo anayechukua 30,000 akazidisha kwa 120 ili apate eneo la Mercia anapata jibu lisilo na maana.

Namba yenyewe inatoka kwenye orodha ya makabila na haidi zake, ambayo nakala yake kongwe ni ya karne ya 11, ingawa yaliyomo ni ya zamani zaidi, karne ya 7 au ya 8. Inaanza na Mercia, haidi 30,000. Kisha wanafuata majirani: Wreocensæte wa upande wa Shropshire 7,000, Westerna 7,000, Pecsæte wa milima ya Peak 1,200, Elmet 600, Lindsey pamoja na Hatfield 7,000. Kuna vikabila vya kwenye mabwawa ya mashariki, Gyrwa wa Kusini 600, Gyrwa wa Kaskazini 600, Spalda 600. Mwishoni wako wakubwa: East Anglia 30,000, Essex 7,000, Kent 15,000, Sussex 7,000, na Wessex 100,000.

Angalia mambo mawili. Hiyo 100,000 ya Wessex haiendani na nyingine zote. Ama ni adhabu ya kodi, ama imepachikwa baadaye Wessex ilipokuwa kubwa. Usijenge hoja juu yake. La pili, Beda anasema baada ya Penda kuuawa Mercia iligawanywa kwa mto Trent, haidi 7,000 kaskazini na 5,000 kusini, jumla 12,000. Tukiiamini namba ya Beda, basi 30,000 ni Mercia iliyokwisha kumeza jirani kadhaa. Wengi wanaiona orodha hii kuwa daftari la kodi la mfalme wa Mercia. Wapo wanaopinga kwa hoja nzito kwamba mfalme hajitozi mwenyewe, kwa hiyo huenda ilitengenezwa Northumbria wakati Mercia imezidiwa nguvu. Mimi naegemea upande wa Mercia, kwa sababu vile vikabila vidogo vya haidi 300 na 600 vimeorodheshwa kwa undani wa mtu anayewafikia kila mwaka.

Kodi yenyewe ilikuwaje? Tuna mfano halisi wa Offa, hati ya Westbury karibu na Bristol, haidi 60. Kinachotakiwa kuletwa kwenye makao ya mfalme: mapipa mawili makubwa ya bia safi, kipimo kimoja cha bia laini, kipimo kimoja cha bia ya Wales, maksai 7, kondoo 6, jibini 40, vipimo 30 vya nafaka isiyosagwa na vinne vya unga. Gawanya kwa haidi 60 uone: si mzigo wa kuifukarisha kaya, na wala hauwezi kusafirishwa mbali. Bia inachacha, nyama inaoza. Ndiyo maana mfalme alikuwa akihama na watu wake kutoka makao hadi makao, akila kodi papo hapo. Ufalme wa aina hii unashikwa kwa kutembelewa. Jimbo ambalo mfalme halifikii linaanza kula kodi yake lenyewe.

Kilichoipa Mercia fedha ya kusafiri mbali ni vitu viwili. Kwanza chumvi ya Droitwich, kwenye visima vya maji ya chumvi vya asili. Kuna hati ya Æthelbald anayebadilishana na kanisa la Worcester: wao wanapewa mahali pa kujenga nyumba tatu za chumvi na tanuri sita upande wa kusini wa mto Salwarp, yeye anapokea tanuri sita katika nyumba mbili upande wa kaskazini. Mfalme anayehesabu tanuri moja moja anajua thamani yake. Pili, ushuru wa meli London. Mji ule ulikuwa wa Essex, lakini Wulfhere mwana wa Penda alikuwa na kauli huko tangu miaka ya 660, na Æthelbald alitoa hati za kuwasamehe maaskofu na monasteri ushuru wa meli zao. Huwezi kusamehe usichokusanya.

Kuhusu mali ya vita, rejea hazina iliyofukuliwa Staffordshire mwaka 2009, karibu na Lichfield: dhahabu takriban kilo 4 na fedha takriban kilo 1.7, vipande karibu 4,600, karibu vyote vikiwa mapambo ya panga na zana za vita vilivyong'olewa. Mapambo ya wanawake hakuna. Ilizikwa kati ya 650 na 675 hivi, zama za Penda na wanawe.

Mizani_ya_Dhahabu

La dinari ni langu.

Offa hakusilimu. Sarafu hiyo ipo kweli, iko British Museum, na si ya kughushi. Ni dhahabu, gramu 4.28, na ni nakala ya dinari ya khalifa al-Mansur wa Baghdad ya mwaka 157 Hijria, sawa na 773/774 Miladia. Upande mmoja una "La ilaha illa Allah wahdahu la sharika lahu". Upande wa pili, kati ya mistari ya "Muhammad rasul Allah", limeingizwa jina OFFA REX kwa herufi za Kilatini.

Anayesoma Kiarabu aitazame picha kwa karibu. Ukiishika sarafu ili Kiarabu kikae sawa, OFFA REX iko kichwa chini. Herufi za Kiarabu zenyewe zina makosa ya mtu anayechora umbo asilolisoma, na mwaka wa Hijria umenakiliwa pamoja na ukingo wote kama ulivyokuwa kwenye sarafu ya mfano. Mchonga chapa alikuwa na dinari halisi mezani, akaiiga mstari kwa mstari. Angekuwa Mwislamu, au hata mtu ajuaye alif na lam, asingeweka jina la mfalme juu chini. Tena sarafu za fedha za Offa zina misalaba, na Offa huyo huyo aliwapokea wajumbe wa Papa mwaka 786 na kufanya sinodi mwaka uliofuata.

Kwa nini basi aiige? Kwa sababu dinari ya Bani Abbas ndiyo dhahabu iliyokubalika pote, kuanzia Mediterania hadi Bahari ya Hindi. Karne hiyo hiyo bidhaa za Ghuba zilikuwa zinashuka Unguja Ukuu. Mtu anayepokea dhahabu hutazama umbo analolijua na uzito anaouamini, na gramu 4.28 ni uzito wa dinari kamili.

Kuhusu kazi yake kuna dokezo zuri. Papa Leo III alimwandikia Coenwulf mwaka 798 akikumbusha kwamba Offa aliweka nadhiri ya kupeleka Roma mankusi 365 kila mwaka, kwa ajili ya maskini na taa za kanisa la Mtakatifu Petro. Mankusi moja ilikuwa sawa na peni 30 za fedha. Piga hesabu: 365 mara 30 ni peni 10,950, na kwa peni 240 katika pauni moja unapata zaidi kidogo ya pauni 45. Kwa dhahabu ya uzito wa dinari ni kama kilo moja na nusu. Huwezi kusema kwa hakika kwamba sarafu hii ilikuwa ndani ya mzigo huo, lakini inaonyesha Mercia ilikuwa na mahitaji ya dhahabu ya kiwango hicho kwa utaratibu wa kila mwaka.

Kwa siku za kawaida fedha ndiyo iliyotumika. Offa alichukua peni mpya, pana na nyembamba, ya takriban gramu 1.3, akaweka jina lake upande mmoja na jina la mfua sarafu upande wa pili. Hilo la jina la mfua sarafu ni udhibiti: fedha ikiwa pungufu, anajulikana wa kuulizwa. Canterbury alikuwapo Eoba, ambaye pia aligonga sarafu za malkia Cynethryth, malkia pekee wa Waanglo-Saksoni anayejulikana kuwa na sarafu zenye jina lake. Karibu mwaka 792 peni ikafanywa pana na nzito zaidi, wakati ambao Charlemagne naye alikuwa akiongeza uzito wa peni yake. Wale wafalme wawili walikuwa wanatazamana. Mnamo 789 au 790 waligombana juu ya ndoa, Charlemagne akafunga bandari zake kwa wafanyabiashara wa Kiingereza. Mwaka 796 akamwandikia Offa kwa kumwita ndugu, akilalamika pamoja na mambo mengine kwamba majoho yanayotoka Uingereza yamefupishwa.

Zingatieni tu mahali sarafu zilipogongwa: Canterbury, London na East Anglia. Hakuna hata moja iliyo ndani ya Mercia ya asili. Mtakaojibu swali la nne mtalihitaji hilo.

Mdadisi77

Shukrani sana wakuu, hili la peni kugongwa nje ya Mercia sikulijua kabisa. Naongeza mawili. Hati za ardhi mnazozitaja, mnajuaje ipi ni ya kweli na ipi imeghushiwa na watawa wa baadaye? Na ule mtaro wa Offa mpakani na Wales, ulijengwa vipi na kwa nguvu kazi ya nani?

Kitabu_Wazi

Hati nyingi za Mercia tunazo kwa nakala za baadaye za Worcester, Evesham na kwingineko, na baadhi zimetungwa ili kushinda kesi za ardhi. Njia ya kupima nikuonyeshe kwenye hati moja salama, ya Ismere, mwaka 736, ambayo ngozi yake ya asili ingalipo British Library.

Æthelbald anampa Cyneberht haidi 10 kando ya mto Stour, katika nchi ya Husmere, ajenge monasteri. Hatua ya kwanza ni mwandiko: umeandikwa kwa herufi kubwa za mviringo zinazoendana na vitabu vya kanisa vya wakati huo. Hatua ya pili, tarehe mbili zikubaliane. Hati inataja mwaka 736 na indiksio ya 4. Indiksio ni mzunguko wa miaka 15. Chukua mwaka, ongeza 3, gawa kwa 15, baki ndiyo indiksio. 736 na 3 ni 739, 15 mara 49 ni 735, baki 4. Imekubali. Mghushi wa karne ya 11 au 12 mara nyingi anateleza hapa kwa sababu amechukua mwaka toka kitabu kimoja na indiksio toka kingine. Zingatia tu kwamba indiksio ilibadilika mwezi Septemba, kwa hiyo hati ya mwishoni mwa mwaka inaweza kuzidi kwa moja bila kuwa ya uongo.

Hatua ya tatu ni mashahidi. Wapange kila mmoja na miaka yake ya uaskofu. Wote lazima wawe hai na madarakani kwa pamoja. Ikiwa askofu mmoja alikufa miaka minne kabla, ama tarehe imekosewa ama orodha imehamishwa kutoka hati nyingine. Hatua ya nne ni mipaka: hati ya mwanzoni mwa karne ya 8 huitaja mipaka kwa ufupi, mto huu na msitu ule. Ukikuta maelezo marefu kwa Kiingereza cha kale, toka jiwe hili hadi mwaloni ule, jua kwamba sehemu hiyo imeongezwa baadaye.

Hatua ya tano ni vyeo, na hapa Ismere ina utamu wake. Mwanzoni Æthelbald ni mfalme si wa Mercia tu bali wa majimbo yote yanayoitwa kwa jina la jumla Waingereza wa Kusini. Kwenye orodha ya mashahidi anakuwa mfalme wa Britania. Nyuma ya ngozi ni mfalme wa Waingereza wa Kusini. Ngozi moja, kauli tatu, na mwandishi ni mtu wa kanisa anayetaka kumfurahisha mfadhili. Kwa upande wa Offa, wanahistoria wa katikati ya karne ya 20 walijenga hoja kubwa juu ya hati zinazomwita "mfalme wa Waingereza", lakini nyingi kati ya hizo zilipochunguzwa zikaonekana ni nakala zilizoguswa baadaye. Zilizo salama zinamwita mfalme wa Mercia, basi. Kwa hiyo anayesema Offa alijiona mfalme wa Uingereza nzima ana kazi ya kuthibitisha.

Ngome_Kongwe

Kuhusu mtaro: chanzo pekee cha karibu kinachoutaja kwa jina la Offa ni Asser, askofu wa Kiwelshi aliyeandika karibu mwaka 893, miaka mia hivi baada ya Offa. Anasema aliagiza boma kubwa kati ya Wales na Mercia kutoka bahari hadi bahari. Ardhini hali ni tofauti kidogo. Kilichobaki ni kama kilomita 130, kimekatikakatika. Kipande kisicho na ubishi ni kilomita 103 hivi, toka Rushock Hill upande wa Herefordshire hadi Treuddyn kaskazini. Penye hali nzuri, tuta na mtaro kwa pamoja vina upana wa hadi mita 20, na tuta lina kimo cha mita 2.4. Mtaro uko upande wa magharibi, yaani aliyechimba alikuwa amesimama mashariki akiitazama Wales. Usiuchanganye na mtaro wa Wat, wa kilomita 64 hivi, unaokwenda sambamba kaskazini hadi mlango wa mto Dee. Huo ni mwingine.

Nguvu kazi ilitoka kwenye haidi zile zile alizoeleza Shamba_na_Ghala. Sinodi ya Gumley ya 749 chini ya Æthelbald inayasamehe makanisa kodi nyingine zote isipokuwa mbili: ujenzi wa madaraja na ulinzi wa ngome. Offa alipotoa msamaha kwa makanisa ya Kent mwaka 792 alidai pia huduma ya vita dhidi ya wapagani wanaokuja kwa meli. Yaani wajibu wa kuchimba ulikuwa umeshaandikwa juu ya kila kipande cha ardhi kizazi kizima kabla tuta halijainuliwa. Inaelekea kila wilaya ilipewa kipande chake, ndiyo maana umbo la tuta linabadilika ghafla mahali pengi.

Lilikuwa la kulinda askari juu yake? Hakuna ngome ndogo zilizopatikana kwenye tuta. Linafaa zaidi kuzuia wezi wa ng'ombe wasirudi na mifugo, kuchelewesha jeshi, na kuonyesha mpaka uko wapi. Mapigano na Powys, ufalme wa Wales, yalikuwa ya kweli; nguzo ya Eliseg karibu na Llangollen ilisimamishwa na Cyngen mfalme wa Powys kumsifu babu wa baba yake kwa kuirudisha nchi toka mikononi mwa Waingereza.

Mrithi_wa_Kiti

Swali la nne. Kwa maoni yangu lina majibu mawili yanayofungana.

La kwanza ni urithi. Ukoo wa Penda wa moja kwa moja uliishia kwa Ceolred mwaka 716. Æthelbald na Offa walidai kushuka kwa Eowa, ndugu wa Penda. Coenwulf alidai ndugu mwingine. Kila dai jipya lilikuwa na watu wake, na kila mshindi aliwaogopa wenzake. Æthelbald, baada ya miaka 41 ya utawala, aliuawa usiku na walinzi wake mwenyewe pale Seckington. Offa akaamua kuziba mlango huo: mwaka 787 mwanawe Ecgfrith aliwekwa wakfu kuwa mfalme baba yake akiwa hai, na waliokuwa na damu ya kifalme wakaondolewa. Offa akafa Julai 796, Ecgfrith akamfuata baada ya siku 141. Alcuin, msomi wa Northumbria aliyemtumikia Charlemagne, alimwandikia liwali mmoja wa Mercia mwaka 797 kwamba kijana yule hakufa kwa dhambi zake, bali kwa damu nyingi aliyomwaga baba yake ili kumhakikishia kiti. Mpango mzima uligeuka: jamaa wameuawa, mwana hayupo, na Coenwulf wa tawi la mbali ndiye aliyechukua.

La pili ni lile la Mizani_ya_Dhahabu. Sarafu, bandari na askofu mkuu vyote vilikuwa Kent na London, na Kent haikuipenda Mercia. Baada ya Otford mwaka 776 Kent inaonekana ilijitawala kwa miaka kama kumi. Offa alipoirudisha, Askofu Mkuu Jænberht wa Canterbury akawa mwiba, ndipo Offa akaomba Roma impe Lichfield hadhi ya uaskofu mkuu. Ikakubaliwa 787, ikafutwa 803, na kilichobaki ni chuki ya Canterbury. Coenwulf naye akagombana na Askofu Mkuu Wulfred juu ya monasteri za Reculver na Minster-in-Thanet kwa miaka, hadi akamlazimisha kutoa shamba la haidi 300 na pauni 120.

Coenwulf alipofariki 821 mambo hayo mawili yaliungana. Kati ya 821 na 827 wafalme wanne walikalia kiti: Ceolwulf, Beornwulf, Ludeca, Wiglaf. Mwaka 825 Ecgberht alimshinda Beornwulf pale Ellendun, kisha mara moja akamtuma mwanawe Æthelwulf na jeshi kubwa Kent. Baldred, mfalme mdogo aliyewekwa na Mercia, akakimbilia kaskazini ya Thames, na Kent, Surrey, Sussex na Essex zikasalimu amri. East Anglia ikaasi, ikamuua Beornwulf. Ludeca akauawa 827 pamoja na maliwali wake watano. Hapo ndipo tofauti ya utawala inaonekana. Mercia iliitawala Kent kwa mbali na kugawa ardhi yake kwa watu wake. Wessex ilimweka mwana wa mfalme akae huko huko, ikawaachia wakubwa wa Kent vyeo vyao. Halafu baada ya Æthelwulf, wanawe wanne walipokezana kiti hadi Alfred bila vita vya ndugu vya kuiangamiza nchi.

Jirani_wa_Severn

Nakubaliana na Mrithi_wa_Kiti juu ya urithi, ila isieleweke kwamba Mercia ilikufa 829. Ecgberht aliishika mwaka mmoja tu na kugonga sarafu London. Mwaka 830 Wiglaf alirudi. Mwaka 836 Wiglaf alifanya baraza Croft akatoa hati ya Hanbury, na Askofu Mkuu wa Canterbury alikuwapo na maaskofu wengine wa kusini. Huyo si kibaraka. Kilichotoweka ni enzi ya juu. Ufalme wenyewe ulibaki, na mwaka 853 Burgred alimwoa Æthelswith, binti wa mfalme wa Wessex.

Pigo lenyewe ni la Wadenmaki (Waviking). Mwaka 868 waliikalia Nottingham, Burgred akawaita shemeji zake Æthelred na Alfred, pasipigwe vita vya maana, wakafanya amani. Majira ya baridi ya 873–874 wakapiga kambi Repton, mahali Mercia ilipozika wafalme wake. Waliukata ukingo wa mto kwa boma la umbo la D, kanisa likiwa lango. Burgred alikwenda Roma, akafia huko. Baada yake akaja Ceolwulf II, ambaye Tarihi ya Wessex inamwita mtumishi mpumbavu wa mfalme. Sarafu zinasema vingine: hazina ya Watlington, iliyofukuliwa 2015, ina peni za Alfred na za Ceolwulf za muundo mmoja, wafalme wawili wakiwa bega kwa bega. Walikuwa washirika, na Wessex ikamfuta mshirika wake kwenye maandishi.

Mwaka 877 nusu ya mashariki ilichukuliwa na Wadenmaki. Ya magharibi, kufikia 883, iko chini ya Æthelred mwingine (si yule shemeji wa Burgred), aitwaye Bwana wa Mercia, aliyemkubali Alfred na kumwoa bintiye Æthelflæd. Huyu mama ndiye sura ya mwisho yenye nguvu. Alijenga ngome mfululizo: Bridgnorth 912, Tamworth na Stafford 913, Eddisbury na Warwick 914, Runcorn 915. Derby aliiteka 917, Leicester ikajisalimisha 918, naye akafariki Tamworth tarehe 12 Juni mwaka huo. Kwa matukio haya tumia kumbukumbu fupi za Mercia za 902 hadi 924, zilizopachikwa nzima nzima ndani ya nakala kadhaa za Tarihi. Nakala ya Wessex ina tarehe zilizosogezwa mbele miaka mitatu au minne, kwa hiyo ile kanuni ya kuongeza mbili hapa itakuharibia.

Binti yake Ælfwynn alirithi, lakini Edward mfalme wa Wessex akamwondoa Mercia mwezi Desemba, miezi kadhaa baadaye, akampeleka Wessex. Hata hivyo mwaka 924 watu wa Mercia ndio waliomchagua kwanza Æthelstan, na mwaka 957 walimwacha Eadwig abaki na nchi ya kusini ya Thames, wakamchukua mdogo wake Edgar kuwa mfalme wao.